Piano ya Sajini Rajabu

Kesho kutwa naacha kazi katika duka hili la kunakili kanda. Nina miaka kumi na tisa, na Mzee Anguyo mwenye duka amesema mtu akikaa kazini miaka minne bila kufukuzwa, siku akiondoka aitwe mstaafu. Basi nimestaafu. Chuo cha ualimu kimenikubali, na ninyi wawili mnaoanza Jumatatu mtakalia kiti changu, kile chenye mguu mmoja mfupi. Mimi mdomoni si mtu wa maneno, mteja akinisalimu naangalia kaunta. Ndiyo maana nawaandikia. Mengi ya humu nimeyatoa katika daftari langu ambalo nimekuwa nikiliandika tangu kidato cha pili, na mengine nilikuwa nimeyaacha nje ya daftari kwa aibu.

Habari za mshahara siandiki. Mtazijua wenyewe.

Siku ya kwanza sikugusa hata moja ya deki zetu, zile mashine za kucheza na kurekodi kanda. Mzee alinipa kijiti cha kiberiti, pamba na chupa ndogo ya spiriti, akanifundisha kusafisha vichwa vya deki. Vumbi la mji huu wa Arua linapenda vichwa vya deki kuliko kitu kingine chochote duniani. Kichwa kikichafuka, mwimbaji anaimba kama mtu aliyejifunika blanketi, na mteja anadhani umemwibia. Nikasafisha asubuhi, nikasafisha mchana, na jioni Mzee akapitisha pamba yake mwenyewe, ikatoka ya kahawia. Akanionyesha tu. Hivyo ndivyo anavyofundisha, msingoje maelezo.

Wiki ya tatu nilibonyeza kitufe cha kurekodi juu ya kanda ya mteja. Ilikuwa kanda ya arusi, na hotuba ya baba wa bibi arusi ikapata shimo katikati. Baba yule alipokuja kuisikiliza alisema hata hivyo alikuwa ameongea mno siku ile. Nilipona. Lakini tangu hapo najua umuhimu wa vile vimeno viwili vya plastiki juu ya kanda. Ukivivunja, deki inakataa kurekodi juu yake. Mtu akitaka kuirekodia tena lazima azibe matundu kwa karatasi au gundi. Kanda yenye vimeno vilivyovunjwa ina mtu aliyesema, hii isiguswe. Muiheshimu.

Mzee alijifunza ufundi huu Kenya, akitengeneza redio. Ana santuri zake za zamani kwenye sanduku la chuma, na ndiye aliyenisikilizisha ragtaimu kwa mara ya kwanza, piano ya Wamarekani weusi wa zamani. Alisema, sikiliza mkono wa kushoto, unatembea kama askari kwenye gwaride, halafu wa kulia unachelewa makusudi, unamcheka yule askari. Niliipenda sana. Nilijiona kama mkono wa kulia, kumbe nilikuwa hata piano sijaiona.

Mwaka wangu wa pili akaja Poni.

Poni alikuwa ametoka Sudan Kusini na mama yake, wanakaa upande wa Pajulu, anaimba kwaya kanisani. Wiki ya kwanza nilimpenda. Wiki ya pili aliingia mwanamume mmoja mwenye haya kama mimi, anatafuta wimbo ambao jina halijui wala maneno hayajui, akatoa sauti tatu puani. Poni akainuka, akavuta kanda rafu ya chini, akaiweka. Ndiyo wenyewe. Mwanamume yule alitaka kulia. Mimi nilikuwa nimekaa na rafu ile mwaka mzima.

Nimwonee wivu nani kama si yeye? Niwaambie wazi, kwa sababu mkifanya kazi wawili kwenye chumba kimoja, hili litawapata hata ninyi. Wateja wakaanza kumwita Masikio. "Masikio iko?" wanauliza mlangoni, na mimi niliyeko wananipita kama pazia. Siku moja alisema jenereta inaumwa, na sisi hatukusikia kitu, na kesho yake ikazima. Mzee akacheka mpaka akapangusa macho, halafu akampa hedifoni zake mwenyewe, zile kubwa zenye ngozi, ambazo mimi ndiye nilikuwa nazifuta kila Jumamosi. Kwenye daftari langu siku hiyo nimeandika mstari mmoja tu: Nimefuta hedifoni za mwingine.

Mimi nilisifiwa mwandiko. Mtu wa kazi ya muziki kusifiwa mwandiko ni sawa na mpishi kusifiwa kwa kukunja vizuri taulo la jikoni.

Sasa nifike kwenye kanda ya Mama Zamu, ambayo mtasikia watu wanaitaja.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, Mzee amesafiri kwenda Kampala kutafuta mipira ya kuzungushia deki. Akaingia mama mmoja wa Koboko, Mwislamu, mtandio umelowa, na kanda ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya kitambaa, ndani ya mfuko mwingine. Vimeno vyote vilikuwa vimevunjwa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatueleza taratibu.

Mumewe aliitwa Sajini Rajabu, alikuwa kwenye bendi ya jeshi. Mwaka sabini na tisa, serikali yao ilipoangushwa, walikimbilia Zaire na watoto watatu, na huko homa ikamchukua. Kabla hajafa alimpa kanda hii akamwambia, "Itunze, mimi niko ndani." Ameitunza miaka yote, na mingi ya hiyo hakuwa na redio wala betri ya kuisikilizia. Amerudi Koboko, na ndugu za mume wanamcheka. Wanasema Rajabu hakuwahi kugusa piano, alikuwa mbeba ngoma kubwa tu, na huyu mwanamke anajitengenezea mume mkubwa kuliko yule aliyezikwa.

"Hii kanda iko ya bwana yangu," alisema. "Yeye ndio anapiga. Nataka kopi tatu, watoto yangu iko tatu. Na mimi nataka mutu wa kazi aseme mbele ya watu, hii ni mutu anapiga, si maneno ya Zamu."

Poni akaiweka, upande wa kwanza. Ikatoka ragtaimu safi, ya haraka, mkono wa kushoto na gwaride lake. Mimi nilikuwa tayari nimefurahi kwa ajili ya mama yule. Poni akainamisha kichwa, akaanza kugonga kaunta kwa ukucha. Tik. Tik. Tik. Nikafikiri anafuata wimbo, lakini wimbo ulikwenda kwake na ukucha kwake.

Akamwambia mama yule kwa upole sana, lazima nikubali alikuwa mpole, kwamba chini ya piano kuna mkwaruzo mdogo, na mkwaruzo huo unarudi kila baada ya mzunguko mmoja, hauna habari na muziki. Hiyo ni sindano inapita juu ya mchubuko wa santuri. Mtu aliweka gramafoni mbele ya redio akarekodi. Wimbo ulipofika mwisho, ukaanza tena vilevile, na kosa lilelile dogo mahali palepale. Hakuna mtu anayekosea hivyo mara mbili.

"Kwa hiyo ni mzungu?" Mama Zamu aliuliza.

"Ni santuri, Mama. Mwenye kupiga hatumjui. Lakini si mutu kwa chumba."

Mama Zamu hakubisha. Alisema kwa kuwa ametoka mbali, tufanye kopi moja, basi. Akatoka kwenda kukaa benchi la nje, mvua ilikuwa imepungua. Poni akaenda kuhudumia wateja, nami nikakaa kunakili, dakika kama kumi hivi, santuri ile ile mara tatu, halafu kimya.

Hapa ndipo muwe makini. Nilipomaliza nilitoa kanda bila kuirudisha mwanzo, nikaigeuza upande wa pili kwa mazoea tu, nikabonyeza icheze kwenye hedifoni zangu, zile mbovu.

Piano. Wimbo uleule, lakini wa polepole, unatafutwa. Na hakukuwa na tik.

Nilielewa papo hapo, na ndiyo mara pekee katika kazi hii nimeelewa kitu kabla ya Poni. Rajabu alirekodi santuri upande wa kwanza ili ajifunze. Alipoanza kuijua, aligeuza kanda palepale ilipofikia, hakuirudisha mwanzo, akajirekodi mwenyewe. Ndiyo maana amekaa mwishoni mwa upande wa pili, nyuma ya dakika ishirini za ukimya. Kila aliyeweka upande huo tangu mwanzo alisikia ukimya, akasema hauna kitu. Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia akikosea, akivuta pumzi, akirudi nyuma kidogo na kupita lile kosa vizuri. Mtu kwa chumba.

Mama Zamu alikuwa nje, hatua sita kutoka kwangu. Ningeweza kumwita bila hata kuinuka.

Nilivua hedifoni. Niliangalia mgongo wa Poni, anacheka na mteja, ngozi za hedifoni za Mzee zimemkaa shingoni. Nikafikiri hivi, na nayaandika kama yalivyokuwa: nikisema sasa, Poni atakuja, atasikiliza, atayaeleza vizuri kuliko mimi, na jioni itakuwa Masikio amegundua. Lakini Mzee akirudi, nikamwambia mimi peke yangu, Poni amekosea na mimi Candiru nimepata, siku hiyo hedifoni zitajua njia ya kuja kwangu. Kunakili upande ule sikuweza, taa nyekundu ya kurekodi ingewaka na Poni angeuliza. Nikasema moyoni kanda haina miguu, Koboko si mbali, Mzee anarudi Ijumaa. Nikairudisha mwanzo, nikaifunga kwenye mifuko yake yote, nikampa Mama Zamu pamoja na kopi ya santuri. Alinishukuru. Alisema nina mwandiko mzuri.

Mzee hakurudi Ijumaa. Mipira haikupatikana, alirudi Jumatano iliyofuata. Nikamvizia akiwa peke yake, nikamwambia yote kwa ufasaha, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Kichwa chake kikaanza kutikisika kwa kukubali, nikaona sifa zinakuja. Halafu akauliza, "Na mama mwenyewe, amejua?"

Nikasema bado.

Akasema kesho asubuhi nipande gari la Koboko, na deki ya betri nibebe.

Nilimkuta Mama Zamu akimenya karanga na shemeji yake Musa, mdogo wa marehemu, mzee mwenye kofia ya kufumwa kwa mkono na mdomo mrefu. Musa aliponisikia natoka Arua duka la kanda, akasema, "Karibu, binti. Umeleta salamu ya mzungu wetu?" Mama Zamu akaendelea kumenya. Yaelekea utani ule ulikuwa umeshaliwa wiki nzima mpaka hauna ladha, na bado anaurudia.

Nikasema nimekuja kuisikiliza kanda tena.

"Ile?" alisema Mama Zamu. "Nimetoa kwa vijana ya msikiti. Sheikh alikuja Jumapili, walikosa kanda. Nikasema afadhali ikae na neno ya Mungu kuliko uongo yangu."

Walikuwa wameziba matundu kwa karatasi na gundi.

Mtoto akatumwa msikitini. Kanda ilipokuja niliitia kwenye deki ya betri. Mawaidha yalikuwa yamejaza upande wa kwanza wote, na kwenye upande wa pili sheikh aliendelea. Nikaisogeza mbele, sheikh. Mbele tena, sheikh, anakaribia kumaliza, anaomba dua. Sikuwahi kumwombea mtu amalize dua yake kama siku ile. Akasema amina, watu wakaitikia, kukawa na mlio wa kitufe, na piano ikaingia katikati ya wimbo.

Ilibaki dakika moja na kitu. Rajabu alikuwa ameshaujua wimbo sasa. Mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unachelewa, unacheka. Akakosea mara moja, akarudi, akapita. Na hapo, mbali kidogo na piano, kama mtu anaongea akiwa mlangoni, sauti ya msichana:

"Rajabu! Toka! Wakubwa wanakuja!"

Mwanamume akacheka. Akasema, "Ngoja, ngoja kidogo," akapiga mistari miwili mingine haraka haraka, kifuniko cha piano kikafungwa kwa kishindo, miguu ikakimbia. Halafu kanda ikaisha.

Karanga zilikuwa zimemwagika kwenye mkeka, hakuna aliyezigusa.

"Rudisha," alisema Musa.

Nikarudisha. Mara ya pili, sauti ile ilipoita, Mama Zamu aliweka kiganja kifuani.

"Iko mimi," alisema. "Mimi nilikuwa jikoni ya mesi, napika kwa maofisa. Piano ilikuwa ya wakubwa, sajini hana ruhusa. Mimi nasimama kwa mlango, yeye anapiga. Hatujaoana bado." Akamgeukia shemeji yake. "Musa. Hii ni mubeba ngoma?"

Musa alivua kofia yake, akaikunja, akasema yule ni kaka yake anacheka. Kicheko kile anakijua. Hakutania tena siku hiyo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Mama Zamu alikuwa ameanza kufikiri, na niliona anafikiri nini kabla hajasema.

"Kabla ya sheikh," aliuliza, "piano ilikuwa refu namna gani?"

"Kama dakika kumi, Mama."

"Wewe ulisikia lini?"

Ningeweza kusema niligundua kwenye kopi, au kwamba Mzee ndiye aliyegundua. Haya yangu ilinisaidia kwa mara ya kwanza, maana mtu mwenye haya hana uongo wa haraka.

"Siku ileile, Mama. Kabla hujaondoka."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Kwa benchi. Nje."

"Na wewe uko na yeye kwa masikio."

"Ndiyo, Mama."

Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kuhusu Poni, na hedifoni, na Masikio. Nilipokuwa nayasema niliona jinsi yalivyo madogo, yangeweza kuingia kwenye ganda la karanga. Musa akaanza kunitukana, na alikuwa na matusi mazuri, ya kambini, lakini Mama Zamu alimnyamazisha kwa mkono. Akatoa kanda kwenye deki yangu, akaifuta kwa mtandio, akabandua ile karatasi na gundi kwenye matundu, akaifunga upya. Akanipa.

"Kopi tatu," alisema. "Lakini afanye yule mwenzako. Wewe beba tu."

Nilibeba. Arua nilimkuta Poni na Mzee pamoja, nikasema yote mbele ya wote wawili nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nisingemaliza. Mzee alitoka nje. Poni alivua hedifoni, akaniuliza swali moja tu, kama upande wa pili nilianza katikati. Nikasema ndiyo, niligeuza tu. "Kugeuza tu," alisema. "Na mimi sikugeuza." Alijikasirikia yeye mwenyewe. Nilingoja anikasirikie mimi pia, hakufanya hivyo, na hata hilo nilimwonea wivu, kwamba anaweza.

Alinakili ile dakika moja na kitu mara tatu, akirudia mpaka mkwaruzo wa kitufe cha sheikh ukatoka. Mimi niliandika majina kwenye karatasi za ndani. Baadaye aliomba ruhusa azipeleke Koboko mwenyewe.

Ile kopi ya santuri ya dakika kumi bado iko kwetu, rafu ya pili, kwa sababu siku ile ya mvua nilitengeneza mbili, moja yake na moja ya duka. Inauzika. Watu watawaambia ndiyo piano ya Sajini Rajabu, wa Koboko, na mtataka kukubali kwa sababu ni nzuri kuliko yake. Siyo. Mpigaji wake hatumjui, Mzee ameandikia watu wawili Nairobi na hakuna aliyemjua. Juu yake nimeandika: Piano, mpigaji hajulikani. Msibadilishe. Yule asiyejulikana amebaki na dakika zake zote, na yule tuliyemjua ana moja na kitu, na sababu yake mmeisoma.

Poni alirudi kutoka Koboko jioni na kuku hai chini ya kwapa. Mimi niliyepeleka ukweli nilirudi bila zawadi yoyote, yeye aliyepeleka kosa lake akarudi na kuku. Nikamwacha anywe maji. Halafu nikauliza, nikiangalia kaunta, kama Mama Zamu alinitaja.

"Alikutaja," alisema Poni. "Anasema wewe ndio unajua kusikia. Hata kunishinda."

Niliomba arudie, akarudia. Miaka miwili nilikuwa nimeyangoja maneno hayo.

"Na wewe alikuambia nini?"

Poni alikuwa anatafuta kamba ya kumfunga kuku mguu. "Hakuna," alisema. "Alinishika mkono tu. Ananiita binti yangu."

Niliandika yote mawili kwenye daftari usiku ule, moja chini ya lingine, na kama ningeweza kupata la pili, ningelitoa la kwanza bila kufikiri.